Bandu bandu huisha mlima

Mzee mmoja, jirani yetu kule nyumbani katika milima inayoumwagia Mto Tana maji yake, aliniuliza swali ambalo lingali linanikera hadi leo. Tulikuwa tumesimama ukingoni mwa shamba lake la mahindi. "Mwalimu," aliniambia, "wewe uliyesoma hata ukavuka bahari, hebu niambie: shamba langu limekwenda wapi?"

Sikumwelewa mara moja, maana shamba lilikuwapo pale mbele ya macho yetu. Ndipo aliponionyesha jiwe la mpaka. Baba yake alipolizika jiwe hilo, alisema, ilionekana ncha yake tu. Siku hiyo lilisimama wazi kwa kimo cha goti. Jiwe, msomaji mpendwa, haliwi refu kama muhogo. Udongo ndio ulioondoka. Nilimjibu kwamba udongo umechukuliwa na maji ya mvua ukaingia mtoni. Mzee akatabasamu kwa huruma. "Hilo najua, mwalimu. Ninachouliza ni kiasi gani kimekwenda na kimefika wapi."

Waama, swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na baadhi ya watu waliojitoa mhanga kulitafutia jibu hawakuanzia katika nchi zenye mahindi, bali katika nchi za theluji.

Kaskazini ya mbali ya Sweden, juu ya mstari wa Aktiki, liko bonde dogo liitwalo Kärkevagge. Jina hilo limetokana na lugha ya Wasami, wafugaji wa tangu jadi wa nchi hiyo, na maana yake ni Bonde la Mawe. Kati ya mwaka wa 1952 na 1960 mtaalamu kijana wa jiografia kutoka Chuo Kikuu cha Uppsala, Anders Rapp, alilirudia bonde hilo mwaka baada ya mwaka akiwa na haja moja tu: kujua mlima unakwisha kwa njia gani, na kila njia inachukua kiasi gani.

Vifaa vyake havikuwa vya ajabu. Alichora mistari ya rangi juu ya mawe yaliyolala mteremkoni ili mwaka ufuatao aone ni yapi yaliyosogea. Alitandika magunia chini ya majabali ili yanase vipande vinavyobanduka. Alihesabu mawe yaliyoanguka juu ya theluji nyeupe, alipiga picha mahali palepale kila mara, na alichota maji ya kijito ili apime yaliyomo ndani yake. Hiyo ndiyo kazi tunayoweza kuiita kuandika daftari la mlima: mapato na matumizi, kama afanyavyo mwenye duka.

Katika nchi za baridi daftari hilo lina kurasa nyingi. Maji yanapoingia katika ufa wa mwamba na kuganda, ujazo wake huongezeka kwa yapata sehemu tisa katika mia, na kishindo hicho cha kimyakimya hupasua jiwe. Udongo wa juu ulioloa huteleza polepole juu ya ardhi iliyoganda chini yake, kwa kuwa maji hayapati pa kupenya. Majira ya kuchipua yanapowadia, theluji ya miezi mingi huyeyuka kwa majuma machache tu, na mto uliokuwa umelala huamka na kubeba mashapo yake ya mwaka karibu yote kwa mkupuo mmoja. Wakati mwingine theluji yenyewe hugeuka rojorojo na kuporomoka bondeni ikiwa imekumbatia mawe na udongo.

Je, Rapp alipofunga hesabu yake, ni nani aliyeibuka mwizi mkuu? Wengi wangedhani ni majabali yanayoanguka kwa kishindo. La hasha. Aliyeongoza orodha alikuwa maji yaliyoonekana safi. Kila mwaka, kijito cha Kärkevagge kilichukua yapata tani 26 za chumvi na madini yaliyoyeyuka kutoka katika kila kilomita mraba moja ya bonde. Mwizi huyo hakuwa na sauti wala rangi. Wa pili walikuwa maporomoko ya udongo na matope, na haya hayakuja kila mwaka. Sehemu kubwa yake ilitokana na mvua moja nzito ya Oktoba 1959, iliyofanya kwa siku chache kazi ambayo miaka mingi ya kawaida haikuifanya.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza wahenga wetu walikwisha kulisema: bandu bandu huisha gogo. Lile dogo lisiloonekana, likirudiwa bila kukoma, humaliza hata mlima. La pili linaelekea kulipinga la kwanza: siku moja mbaya yaweza kuzidi miaka mingi myema. Mtu hawezi kuyajua yote mawili pasipo kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Lau Rapp angefunga virago mwaka wa 1958, asingaliiona mvua ya 1959, na daftari lake lingalisema uongo bila yeye kujua.

Huenda msomaji akaniuliza: hayo ya Sweden yatuhusu nini sisi, na mtaalamu wa isimu ana shughuli gani na matope? Nitajibu maswali yote mawili, nikianza na lile la kwanza.

Bwana huyohuyo, Anders Rapp, alikuja Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Len Berry na Paul Temple, kupima mmomonyoko wa udongo nchini Tanzania. Njia ilikuwa ileile ya Bonde la Mawe: chagua bonde, pima kinachoingia na kinachotoka, rudi tena. Walipima mabwawa ya Dodoma, kama lile la Ikowa, na lile la Kisongo karibu na Arusha, na wakagundua kwamba yalikuwa yakijaa mashapo kwa kasi ya kutisha, hata mengine hayakutarajiwa kuishi zaidi ya miongo mitatu hivi.

Kisha ikatukia siku ya 23 Februari 1970. Katika eneo la Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu. Miteremko ikapasuka katika maporomoko zaidi ya 1,000. Watafiti walipoyachora kwenye ramani, waliona jambo ambalo kila mtunga sera angepaswa kulikariri: karibu yote yalianzia katika mashamba na nyasi, na pale palipokuwa na msitu hapakutoka hata moja kati ya mia. Mvua ilikuwa ileile na mlima ni uleule. Tofauti ilikuwa mizizi.

Hapa kwetu hatuna haja ya kuambiwa maana ya jambo hilo. Novemba 2019 milima ya Pokot Magharibi iliporomoka usiku na kuzika makumi ya watu. Aprili 2024 maji yaliyochanganyika na matope na mawe yaliishukia Mai Mahiu watu wakiwa wamelala. Kila mara hotuba ni ileile, kwamba haya ni majaliwa ya Mungu. Sipingi uwezo wa Mola. Nasema tu kwamba hotuba zatolewa na watu wasio na daftari. Asiyepima miteremko yake wakati wa salama hana la kusema wakati wa msiba ila pole.

Sasa nije kwenye swali la pili, ambalo ndilo langu hasa. Matokeo ya utafiti ule wa Tanzania yalichapishwa mwaka wa 1972 katika jarida la kisayansi la Sweden, kwa lugha ya Kiingereza. Siwalaumu walioyaandika, maana hiyo ndiyo desturi ya wasomi, nami ni mmoja wao na dhambi hiyo ninayo. Lakini hebu tafakari: mkulima wa Mgeta ambaye shamba lake lilipasuka, na ambaye pengine aliwaonyesha watafiti njia, angeyasoma wapi? Na bwana shamba wa hapa Kenya atamfafanuliaje mkulima maneno aliyokaririshwa chuoni kwa lugha nyingine tupu?

Wapo watakaosema Kiswahili hakina maneno ya kutosheleza elimu hiyo. Hoja hii imechakaa. Tuitazame sayansi yenyewe ya nchi za baridi. Neno "tundra", linalotumiwa dunia nzima, lilitokana na lugha za Wasami na jirani zao. "Pingo", yaani kilima kinachoinuliwa na barafu iliyo chini ya ardhi, ni neno la Wainuit. Gharika inayofumuka kutoka chini ya mto wa barafu, kama ile iliyosomba madaraja kusini mwa Iceland mnamo Novemba 1996, wataalamu wa mataifa yote huiita "jökulhlaup", nalo ni neno la watu wa Iceland, taifa lisilofikia idadi ya wakazi wa Nairobi. Sayansi haikungoja lugha hizo zikue. Ilikwenda kwa watu wanaoijua ardhi yao, ikawaomba maneno.

Na sisi tumekwisha kuombwa. Ukifungua kitabu chochote cha kimataifa cha hifadhi ya udongo, utayakuta maneno mawili ya Kiswahili yakiwa hayakutafsiriwa: fanya juu. Ndiyo matuta yale ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, hata mteremko ukawa ngazi. Yalienea sana Ukambani, na kuanzia mwaka wa 1974 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Sweden, iliyapigia debe katika sehemu nyingi za nchi. Leo yanatajwa kwa jina hilo katika nchi ambazo hakuna ajuaye kuamkia kwa Kiswahili. Basi lugha iliyoufundisha ulimwengu namna ya kuuzuia udongo itashindwaje kueleza udongo huo unakwendaje?

Maneno tunayo. Tunalo neno mashapo, lililo jikoni na mtoni vilevile: mpishi hulijua chini ya chungu, na mvuvi chini ya maji. Tunayo mmomonyoko, poromoko, tope, mchanga, kokoto, changarawe. Yanayopungua yataundwa, mradi wataalamu wa ardhi na wa lugha wakae meza moja badala ya kila mmoja kujifungia chumbani mwake.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kaunti yenye milima ichague bonde moja dogo na kulipima mfululizo, si kwa mradi wa miaka miwili unaokufa pamoja na fedha za wafadhili, bali kwa kizazi kizima. Wenzetu wa nchi za baridi walianzisha mwaka wa 2005 mpango ulioitwa SEDIBUD, ambao mabonde ya nchi mbalimbali yalipimwa kwa njia zinazofanana ili yaweze kulinganishwa. Wanafanya haraka kwa kuwa barafu yao inayeyuka na ardhi iliyoganda inalegea, na wanataka kujua hali ilivyokuwa kabla haijabadilika. Nasi mvua zetu zinabadilika. Pili, shule zilizo karibu zishirikishwe, kwani kuchora mstari wa rangi juu ya mawe na kuchota maji katika chupa si kazi inayohitaji shahada ya uzamifu. Tatu, matokeo yasomwe barazani, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, kabla hayajapelekwa majaridani.

Gharama? Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, na yale yaliyo chini yake ndiyo yanayotupatia sehemu kubwa ya umeme wa maji. Kila toroli la tope linaloingia humo ni nafasi ya maji iliyopotea. Na atokaye Malindi wakati wa mvua amekwisha kuiona bahari ikigeuka rangi ya chai ya maziwa pale Mto Sabaki unapotua mzigo wake. Ule si uchafu wa bahari. Ni mashamba ya watu wa bara yaliyofika pwani bila nauli.

Nilirudi kwa mzee likizo iliyopita. Nilimweleza habari za Bonde la Mawe, naye akanisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha aliingia nyumbani, akatoka na kopo la rangi nyekundu iliyobaki alipopaka lango. Alipiga mstari mwembamba juu ya lile jiwe la mpaka, sawasawa na uso wa ardhi, akamwita mjukuu wake aandike tarehe katika daftari la shule.

"Sasa nitajua," akasema. "Na nisipojua mimi, atajua huyu."

Daftari la mzee limeanza. La taifa lingali linangojwa.