Siri ya viwanda inayoweza kuokoa mahindi ya Mlima Elgon

MVUA inapoendelea kunyesha Oktoba na Novemba kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mkulima wa Kapsokwony hujikuta njia panda. Mahindi yamekomaa lakini yangali na maji mengi, jua halionekani, na mnunuzi amefika langoni akitaja bei ya kutupa. Auze sasa, ama asubiri na kuhatarisha mavuno yake kuota kuvu?

Jibu linaweza kupatikana katika elimu ambayo viwanda vimeitumia kwa miaka mingi kukausha sukari, majani chai na unga.

Kwanza, moto peke yake haukaushi kitu. Joto hugeuza maji kuwa mvuke, lakini ni hewa inayosonga ambayo huubeba mvuke huo na kuuondoa. Hewa ikituama hujaa unyevu, na kazi hukwama.

Pili, maji yaliyo juu ya chembe huondoka upesi, ilhali yaliyo ndani hutoka polepole. Ukizidisha moto kwa pupa, sehemu ya nje hukauka na kupasuka huku kiini kikibaki na unyevu.

Viwanda hutumia mbinu mbalimbali kutimiza kanuni hizo. Katika viwanda vya sukari kama kile cha Nzoia katika Kaunti ya Bungoma, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, sukari hutoka ikiwa na unyevu baada ya kutenganishwa na molasi. Kwa kawaida hupitishwa ndani ya ngoma ndefu ya chuma inayozunguka polepole. Vibao vilivyomo ndani huiinua na kuiangusha kama pazia, nayo hewa yenye joto hupita katikati. Isipokauka vyema, sukari huganda na kuwa mabonge guniani.

Kwenye viwanda vya chai, hewa moto hupulizwa kutoka chini kupitia bamba lenye matundu madogo. Majani yaliyosagwa huelea na kutokota mithili ya uji, hadi yanaposalia na maji ya takriban asilimia 3.

Unga wa muhogo nao hurushwa ndani ya bomba refu lenye hewa moto iendayo kasi, ukakauka kwa sekunde chache kwa kuwa chembe zake ni ndogo. Lakini kabla ya hapo, muhogo uliosagwa hukamuliwa kwanza. Sababu ni gharama: kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji nishati zaidi ya mara 6 ya ile iliyoyatoa kwenye nyuzijoto 20 hadi yakachemka.

Punje ya hindi ni kubwa, haikamuliki wala haikauki kwa sekunde. Ndiyo maana mashine za kukausha nafaka hupitisha hewa yenye joto la wastani kwa saa kadhaa. Mbegu huhitaji uangalifu zaidi, kwani joto likizidi nyuzi 43 hivi, kiini huanza kufa na mbegu haioti.

Kiwango cha unyevu kinachokubalika nchini kwa mahindi ni asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 likikaushwa hadi hapo, hubaki na takriban kilo 83. Kilo hizo 7 ni maji matupu, lakini mkulima huziona kama hasara, na hivyo hushawishika kuuza mahindi mabichi.

Hata hivyo, gharama ya kutokausha ni kubwa zaidi. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu, yaliwaathiri watu 317 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kati yao, 125 walifariki. Kuyapika mahindi hakuiondoi sumu hiyo.

Mnamo 2023 serikali ilitangaza ununuzi wa mashine 100 za kukausha zinazoweza kuhamishwa, ili zisambazwe kupitia Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Kwa mkulima wa mlimani, umbali na hali ya barabara huamua iwapo mashine itamfaa. Wakulima wanaoungana na kukusanya mavuno mahali pamoja huwa na nafasi bora ya kunufaika.

Asiye na mashine anaweza kufuata kanuni zizo hizo: atandaze mahindi kwa tabaka jembamba juu ya turubai, ayageuze mara kwa mara, na ayafunike kabla ya mvua na umande.

Kisha ayapime kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga na utikise kwa dakika moja. Iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuhifadhiwa. Isiponata, usiyafungie guniani papo hapo. Yaanike tena, kwani asilimia 13.5 huenda bado haijafikiwa.