Viumbe wa Usiku katika Mchezo wa Pokémon

Mzazi ambaye wanawe wamepata mchezo wa Pokémon yafaa afahamu kwamba mna viumbe ndani yake wasiotoka ila usiku, na kwamba jambo hilo huweza kuzua ugomvi wa kulala.

Mchezo huo ulianza Japani mwaka 1996. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukamata wadudu utotoni, na kazi ya mchezaji ni hiyo hiyo: kupita porini, kukamata viumbe na kuwafuga. Matoleo ya kwanza hayakuwa na usiku wala mchana. Mwaka 1999 yalipotoka matoleo ya Gold na Silver, kaseti ya mchezo ilitiwa saa. Tangu saa 12 jioni hadi saa 10 alfajiri kioo huingia giza, na hapo hutoka Hoothoot, bundi asimamaye kwa mguu mmoja, asiyekosea wakati wa kulia kwake. (Wazee wetu wasingemtaka bundi juu ya paa, seuze kumfuga!) Yuko pia Eevee, mnyama mpole: akishampenda bwana wake, akapanda daraja mchana, huwa Espeon, akipanda usiku huwa Umbreon, mweusi mwenye pete za manjano.

Basi mtoto akidai kwamba lazima akeshe hadi usiku wa manane ili ampate bundi, asisadikiwe. Saa 1 jioni ni usiku kamili kwa Hoothoot. Acheze kabla ya chakula, kisha akalale. Askari wa zamu ya usiku ndiye mwenye hasara: arudipo saa 1 asubuhi, saa ya mchezo nayo imekwisha kucha.

Lililo zito zaidi ni betri. Katika kaseti hizo betri moja ndogo huendesha saa na pia hutunza kumbukumbu za mchezo. Saa haisimami hata chombo kikiwa kimezimwa, hivyo betri hulika mwaka hadi mwaka; siku ikiisha, viumbe wote waliokusanywa hupotea. Betri hiyo imetiwa lehemu, na fundi hodari aweza kuweka nyingine, lakini kumbukumbu zilizopotea hazirudi. Mwenye kaseti kuukuu ambayo bado yahifadhi na aunganishe waya kati ya Game Boy yake na ya mwenzake, awahamishie huko viumbe awapendao, ndipo aipeleke kwa fundi.