Mtoto Aumaye Kucha na Ang'oaye Nywele

Katika karibu kila darasa yuko mtoto ambaye kucha zake hazihitaji wembe. Huziuma mwenyewe mpaka nyama ya kidole yaonekana. Mwingine hutafuna ukosi wa shati hata ukafumuka, mwingine hubandua ngozi ya midomo, na mwingine, ambaye si rahisi kumtambua, hung'oa nywele zake mmoja mmoja, au kope, au nyusi. Watu wazima wamwonapo humwambia, "Acha!" Naye huacha; na baada ya dakika mbili mkono umerudi pale pale. Nataka kueleza kwa nini neno hilo halifai kitu, na ni lipi lifaalo badala yake.

Ncha za vidole na midomo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye fahamu kali kabisa. Kidole kikipita juu ya ukucha kikakuta mahali palipokwaruza, habari hufika mara moja, na meno huenda kupasawazisha. Hapo mtoto hupata utulivu kidogo. Lakini kule kuuma huacha mahali pengine palipokwaruza, na kidole hupakuta tena. Hali kadhalika mwenye kung'oa nywele. Vidole vyake hutafuta unywele mmoja ulio mgumu kuliko mingine, na akisha kuung'oa huenda akaupitisha midomoni ausikie shina lake. Ni mguso wenyewe unaoilisha tabia hiyo. Huzidi wakati mwili umekaa bure na akili imeshughulika au imechoka: katika kusoma jioni, katika kungoja zamu, kitandani kabla ya usingizi, na zaidi siku za mitihani. Mara nyingi mtoto hana habari kwamba mkono umekwisha kwenda. Wamwamuru aache jambo ambalo hajui kwamba analifanya.

Jambo hili si geni wala si la nchi moja. Mwaka 1889 daktari mmoja wa ngozi wa Ufaransa, jina lake François Henri Hallopeau, alieleza habari za kijana aliyejing'oa nywele, akaupa ugonjwa huo jina la Kiyunani ambalo ndani yake mna neno la wazimu. Kwa maoni yangu jina hilo limedhuru wengi, maana wazimu haumo. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyochapishwa mwaka 1992, kung'oa nywele kuliwekwa pamoja na wizi na uchomaji moto. Katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022, kumewekwa pamoja na kuchubua ngozi, katika mazoea ya kurudiarudia yaliyo mwilini mwa mtu mwenyewe.

Majumbani mwetu dawa ya kwanza ni pilipili, au shubiri kama ile aliyopakwa mama katika kumwachisha mtoto ziwa. Uchungu wa shubiri huweza kumkumbusha mtoto mkubwa aliyekubali mwenyewe kupakwa. Pilipili nayo huishia machoni. Fimbo ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa humwongezea hofu, na hofu ndiyo kuni za moto huu. Na jina la utani, "Panya" au "Kipara", humfundisha jambo moja tu, nalo ni kujificha. Ataendelea chooni na chini ya chandarua.

Mwaka 1973 Wamarekani wawili, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, walitangaza njia ambayo hata leo ndiyo msingi wa matibabu ya mazoea haya. Haihitaji chombo chochote. Tuseme yuko msichana wa Kidato cha Kwanza ang'oaye nywele za utosini. Kwanza apewe kijidaftari, na kwa juma moja asikatazwe lolote. Kila akijikuta mkono uko kichwani apige mstari, na aandike alikuwa wapi na akifanya nini. Wengine hupungua kwa kuhesabu tu. Mwisho wa juma ataona kwamba mistari mingi imeangukia, kwa mfano, saa ya kusoma jioni, na mkono wa kushoto, wakati wa kuegemea kiwiko mezani. Basi sasa adui anajulikana makao yake.

Pili, mkono upewe kazi nyingine isiyoweza kwenda pamoja na ile ya kwanza. Mara asikiapo hamu, au mkono ukianza kupanda, afumbe ngumi aiweke pajani, au ashike sana kalamu, kwa muda wa dakika moja hadi tatu, mpaka hamu ipite. Hamu hupanda kama wimbi, kisha hushuka yenyewe. Mtoto hana habari hiyo kwa sababu hajapata kuingoja.

Hapa ndipo mzazi atumie akili, maana kazi hiyo ya pili hufaa zaidi ikishabihiana na mguso anaoutaka. Apendaye kitu kigumu na laini, apewe komwe moja ya bao aizungushe mfukoni. Apendaye nyuzi, apewe kipande cha kamba ya katani akifumue, au ukili asuke. Mkeka wa bibi umekwisha tuliza mikono mingi. Mwenye kuuma kucha akatiwe kila juma na kusuguliwa kingo, pasiwe na mahali pa kukwaruza, na kile kidole kinacholiwa zaidi kivikwe kitambaa. Mwenye nywele avae kofia au kilemba saa za hatari. Katika shule nyingi tunanyoa, nasi hudhani nywele zikiisha na tabia imekwisha. Walimu watazame nyusi.

Mabadiliko hutaka majuma mengi. Mzazi aliyesifu siku tatu kisha akakemea siku ya nne amerudi alikoanza.

Kula udongo ni habari nyingine, ijapokuwa hufanana. Mtoto huyo huenda damu yake imepungukiwa madini ya chuma, au ana minyoo; apimwe kwanza. Na mtoto mwenye usonji ayumbaye au apungaye mikono, kama hajiumizi, aachwe. Huenda ndivyo anavyojituliza katika chumba chenye kelele.

Wako wa kupelekwa hospitali bila kungoja. Kichwa chenye upara huenda ni mapunye: huko mara nyingi ngozi hutoa magamba na huwasha, lakini penye kung'olewa nywele hukatika kwa urefu usiolingana. Kidole kilichovimba na kutunga usaha kitibiwe. Na mtoto amezaye nywele asifanyiwe mzaha hata kidogo. Tumbo haliwezi kuziyeyusha. Hujikusanya zikawa donge, na donge likiwa kubwa haliondoki ila kwa kupasuliwa. Akilalamika tumbo, akitapika au akikataa chakula, mwambieni daktari wazi kwamba anakula nywele, kwani yeye mwenyewe atanyamaza kwa haya.

Ninyi mlalao naye bweni moja mwaweza kumsaidia kupita mwalimu, maana mwamwona saa ambazo sisi hatupo. Mwulizeni faraghani kama ataka kukumbushwa. Akikubali, patana naye ishara isiyojulikana na mwingine, kama kugonga meza mara mbili kwa kidole. Naye akisikia aichukue komwe yake, wewe uendelee kusoma kitabu chako bila kumtazama.