Njia Walizoacha Farasi

Ukitoka nje ya stesheni ya Matabiau mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, unakutana na maji kabla hujakutana na mji. Ng'ambo ya barabara tu umepita mfereji wa maji ya kijani, umebanwa na magari kulia na kushoto. Huo ndio Canal du Midi. Mtu aliyesikia sifa zake za utulivu anaweza kudhani amedanganywa, maana hapo honi na pikipiki hazina tofauti na Kariakoo. Avumilie. Akanyage baiskeli kuelekea kusini-mashariki, na akishaupita mji wa Ramonville, magari yanabaki nyuma na kinachosikika ni mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe.

Sisi tumeizoea baiskeli ya kazi. Inabeba mkaa, maziwa, mikungu ya ndizi, na abiria pia. Boda boda yenyewe ilianzia kwenye baiskeli, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ndiyo maana mara ya kwanza inashangaza kumwona babu wa miaka sabini na mkewe, helmeti kichwani, wamefunga mikoba miwili nyuma ya baiskeli, hawana mzigo wa kuuza wala mgonjwa wa kumwona, wanatembea tu. Watakusalimu. Mashambani Ufaransa kupishana na mtu bila kusema "bonjour" ni utovu wa adabu, na ukiingia dukani bila kuanza na salamu, muuzaji atakuhudumia kwa uso uliokunjamana. Katika hili Mswahili hahitaji somo, na msomaji wa Goma au Bujumbura anayekijua Kifaransa atakuwa nyumbani kabisa.

Njia anayoipita mwendesha baiskeli haikutengenezwa kwa ajili yake. Mfereji ulichimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681, enzi ya mfalme Louis XIV, na kazi hiyo ilisimamiwa na Pierre-Paul Riquet, mtu wa Béziers aliyetajirika kwa kukusanya kodi ya chumvi. Alitaka mashua zitoke upande wa Atlantiki hadi Mediterania bila kuizunguka Hispania. Wachimbaji walifikia maelfu, wanawake wakiwemo, na Riquet aliwalipa hata siku za mvua na za sikukuu, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Alikufa mwaka 1680, miezi michache kabla ya mashua ya kwanza kupita. Kandokando ya maji iliachwa njia nyembamba ya kukanyaga farasi waliovuta mashua kwa kamba. Njia ya farasi haiwezi kuwa na mlima mkali wala kona ya ghafla, na hiyo ndiyo siri yote ya raha ya mwendesha baiskeli wa leo: anastarehe kwa sababu zamani farasi alihurumiwa.

Karibu mlima wote anaoukuta ni kwenye malango. Maji ya mfereji hayapandi kilima, kwa hiyo mashua hupandishwa kwa ngazi. Inaingia kwenye chumba cha mawe, lango la nyuma linafungwa, maji yanafunguliwa kutoka juu, chumba kinajaa taratibu na mashua inainuka pamoja nayo, kisha lango la mbele linafunguliwa na safari inaendelea. Kwenye Canal du Midi vyumba hivi vina umbo la yai. Kuta zilizonyooka zilizojengwa mwanzo ziliporomoka kwa kusukumwa na udongo, na mafundi wakagundua kwamba ukuta uliopinda hustahimili zaidi. Njia nayo hupanda mita chache kando ya kila lango, na hapo ndipo kila mtu hupata kisingizio cha kushuka na kupumzika. Nyumba ya bawabu wa lango ipo bado, mara nyingi imejaa maua madirishani, na ukutani pana kibao kinachotaja umbali wa lango lililotangulia na lango linalofuata, kwa mita kamili. Ni vibao vya watu wa kazi. Msafiri asiye na haraka hana shida na mita zile, ila huzisoma zote.

Kiasi cha kilomita 50 kutoka Toulouse njia ina lami nzuri, mpaka Port-Lauragais. Mahali hapa wengi hupita bila kuangalia, nami naona hapana mahali pengine penye kuieleza nchi hii vizuri zaidi. Mashua za starehe zimefungwa bandarini, na hatua chache kutoka hapo pana kituo cha mapumziko cha barabara kuu ya A61, malori yamejipanga na madereva wanakunywa kahawa. Reli ya kutoka Bordeaux kwenda Sète nayo imepita katika bonde hilihili. Mfereji ulikula riziki ya barabara za udongo. Reli ilipokamilika mwaka 1857 ikaula mfereji, na mwaka uliofuata kampuni ya reli ikaukodi mfereji wenyewe, mpinzani akawa mwenye nyumba. Baadaye malori yakaja kula riziki ya reli. Kila chombo kilichoshindwa kiliacha njia yake tupu, na baiskeli, isiyoshindana na yeyote, ikarithi. Hata mngurumo wa A61 unaousikia mbali, upepo ukigeuka, ni sehemu ya maelezo: kelele haikufa, ilihamia ng'ambo ya shamba la alizeti.

Reli zilizokufa nazo zimepata warithi. Huko Burgundy, kati ya Givry na Cluny, reli iliyong'olewa iligeuzwa mwaka 1997 kuwa njia ya watu na baiskeli ya kilomita 44, ya kwanza nchini ya aina iitwayo "voie verte", yaani njia ya kijani. Tangu mwaka 2004 jina hilo limo katika sheria ya barabara: njia ya wasio na injini, wakiwemo waenda kwa miguu na wapanda farasi. Inapita mashamba ya mizabibu ya Buxy, malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais na kijiji cha Taizé. Kusini ya Cluny pana handaki la zamani la reli, la Bois Clair, lenye urefu wa kilomita moja na nusu na ushei. Majira ya baridi hufungwa kwa sababu popo wamelala humo, na mwendesha baiskeli analazimika kupanda kilima kwa jasho. Nimeipenda sana nchi inayompa popo haki ya njia mbele ya mtalii.

Turudi kusini. Mbele kidogo ya Port-Lauragais ni Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kabisa pa mfereji. Maji yanaletwa hapo kwa mtaro kutoka milima ya Montagne Noire, ambako Riquet alijenga bwawa la Saint-Ferréol ili kiangazi kisiukaushe mfereji. Yakifika Naurouze yanagawanyika, mengine yanateremkia upande wa Atlantiki na mengine Mediterania.

Kuanzia hapo lami inakwisha na njia inabadilika tabia. Sehemu nyingi ni udongo, changarawe na mizizi, na tairi jembamba la mjini litakutesa. Upepo nao una siasa zake. Ule wa magharibi unakusukuma kuelekea baharini, lakini uitwao autan unatoka kusini-mashariki na kukupiga usoni siku nzima. Wenyeji husema humtia mtu wazimu. Mwezi wa Mei, Juni na Septemba ndiyo nafuu. Agosti kuna joto kali, na kivuli si kile cha zamani.

Kivuli hicho kilikuwa cha miplatani, miti mirefu yenye magome ya madoadoa, ipatayo 42,000, iliyokutanisha matawi juu ya maji. Mwaka 2006 mfereji ulivamiwa na ugonjwa wa ukungu unaokausha mti kutoka ndani, usio na dawa. Inaaminika uliingia Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, ndani ya mbao za masanduku ya risasi ya jeshi la Marekani. Mti ulioambukizwa hukatwa na kuchomwa moto, na sasa pana vipande virefu vya njia vilivyo wazi kabisa, vijiti vipya vimepandwa mstarini na jua linakuwakia kichwani. Picha za matangazo hazikuonyeshi hayo.

Njaa nayo ina ratiba. Saa sita mchana maduka ya vijijini hufungwa mpaka saa nane, na Jumapili jioni au Jumatatu unaweza kupita vijiji vitatu usipate mkate. Nunua asubuhi. Maji yakikuishia, tafuta makaburi: karibu kila kijiji kina bomba makaburini kwa ajili ya kumwagilia maua, na waendesha baiskeli hujaza chupa zao hapo, wakishasoma kama kibao hakikatazi kunywa. Castelnaudary utapikiwa cassoulet, maharage meupe yaliyookwa muda mrefu na nyama ya bata na soseji. Asiyekula nguruwe aulize mapema, kwa kuwa humo nguruwe ni kama chumvi.

Zaidi ya Carcassonne mizabibu inatawala. Le Somail ni kijiji cha daraja moja la mawe, kanisa dogo na nyumba za wageni. Walilala hapo abiria wa mashua ya posta, walipokuwa wakitumia siku nne kutoka Toulouse hadi Agde. Kisha unafika Malpas. Hapa kilima cha Ensérune kiliziba njia, mwamba wake laini ukiwatisha mafundi, na mwaka 1679 Riquet akautoboa hivyohivyo. Mashua zikapita chini ya kilima, jambo ambalo hakuna mfereji uliolifanya kabla yake. Chini ya handaki hilo yamo mengine mawili: la reli, na mtaro wa enzi za kati uliochimbwa kukausha ziwa la Montady.

Baiskeli haipiti katika lolote. Njia inakupandisha juu ya kilima, kokoto zinateleza, wengi hushuka na kusukuma. Ukisimama pale juu kuvuta pumzi, maji yako chini yako kimya, na chini zaidi ya maji treni ya Béziers inapita.