Viatu vya Theluji kwa Mtu Mwenye Umbo Dogo

Mtu asimamaye Kirua Vunjo alfajiri isiyo na mawingu huiona theluji juu ya Kibo, lakini wengi wa waionayo hawajapata kuikanyaga. Waijuao vema ni wapagazi na waongozaji wa mlima, na pia vijana waliokwenda masomoni katika nchi kama Kanada, Norwe au Urusi. Katika nchi hizo theluji mpya huwa laini na yenye kina. Mguu huzama hadi gotini, na mwendo mfupi huwa kazi ya kuchosha mno. Kwa sababu hiyo wenyeji huvaa viatu vya theluji, yaani fremu pana zinazofungwa chini ya buti. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini walizitengeneza tangu kale kwa mti uliopindwa na nyavu za ngozi; siku hizi nyingi ni za alumini na plastiki.

Je, mtu mwenye umbo dogo achague viatu vya kadiri gani? Jibu linapatikana katika kanuni ya kanieneo.

Kani na eneo

Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo inalokandamiza. Uzito ukibaki uleule na eneo likiongezeka, kanieneo hupungua. Mkulima wa kihambani huitumia kanuni hii kila masika: huweka ubao juu ya tope ili apite bila kuzama. Kiatu cha theluji ni ubao huo uliofungwa mguuni.

Tuchukue mtu wa kilo 50 mwenye mzigo wa kilo 10. Uzito wote ni nyutoni 600 hivi. Anapotembea, uzito huo hubebwa kwa zamu na mguu mmoja. Ikiwa soli ya buti lake ina eneo la sentimeta za mraba 200, yaani mita za mraba 0.02, kanieneo ni paskali 30,000. Akivaa fremu yenye upana wa sentimeta 20 na urefu wa sentimeta 55, eneo, baada ya kuondoa pembe zilizoviringwa, hukaribia mita ya mraba 0.1. Kanieneo hushuka hadi paskali 6,000, yaani sehemu moja ya tano.

Mwenzake mwenye kilo 100 pamoja na mzigo, akitaka kanieneo hilohilo, atahitaji karibu mita ya mraba 0.17.

Hasara ya kiatu kikubwa mno

Huenda mwanafunzi akauliza: kwa nini huyu mdogo asivae fremu za yule mkubwa, azame kidogo zaidi? Ni kweli kwamba kanieneo lingeshuka hadi paskali 3,500 hivi. Lakini fremu pana humlazimisha mtu mwenye hatua fupi kutanua miguu, hata nyonga na magoti yakauma. Asipoitanua, fremu moja hukanyaga nyingine, naye huanguka. Tena, uzito ulio mguuni huchosha kuliko uzito uleule ulio mgongoni, kwa kuwa huinuliwa upya kila hatua.

Basi mchaguzi na afuate mambo manne. Kwanza, ajumlishe uzito wa mwili, mavazi na mzigo. Pili, aangalie theluji: ile kavu iliyo kama unga hudai eneo kubwa kuliko ile iliyoshindiliwa. Tatu, achague fremu ndogo kuliko zote zitoshazo uzito huo, tena nyembamba kwa kadiri ya hatua yake. Nne, ahakikishe kwamba mikanda inalibana barabara buti dogo, mguu usipinduke.

Kibo na kanuni iliyogeuzwa

Kibo, chenye kimo cha mita 5,895, kiko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana huyeyusha uso wa theluji na baridi ya usiku huugandisha, hata ukawa mgumu. Kwa hiyo viatu vipana havihitajiki huko kwa kawaida. Juu ya barafu tupu hutakiwa kinyume chake: njumu kali za chuma, ambazo eneo lake dogo huzidisha kanieneo hata zikauma barafu.

Hata hivyo, somo la kipimo linabaki. Mpagazi aazimaye buti bila kujali kipimo hujitia hatarini: lililo kubwa huchubua na kumkwaza, na linalobana huzuia damu, hata baridi ikaviharibu vidole. Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mjini Moshi mwaka 2003, huwaazima wapagazi mavazi na viatu vya mlimani.

Jaribio la darasani

Jaza mchanga mkavu katika karai. Lilaze tofali kwa ubavu wake mpana, kisha lisimamishe, na upime kina cha alama kila mara. Ikiwa vipimo vyake ni sentimeta 22, 11 na 7, eneo la kulilaza ni kubwa mara tatu hivi kuliko la kulisimamisha. Uzito haukubadilika, wanafunzi waeleze kilichobadilika.