Baiskeli ya Umeme Haijichaji Yenyewe

Swali huja mapema, pengine kabla fremu haijakunjuliwa sakafuni. Baiskeli ni ya kukunja, mtumba wa Japani ulioshushwa Dar es Salaam, magurudumu inchi 20, fremu ya chuma, kutu kidogo kwenye bawaba. Mwenye nayo anataka iwekewe mota na betri, aende nayo kazini, aikunje na kuisukuma chini ya meza. Haulizi foki ya mbele ina upana gani, wala kama breki zitahimili kilo tano au sita za ziada. Anauliza: "Fundi, na dinamo tutaifunga wapi, ili ijichaji njiani?"

Haijichaji. Haitajichaji hata ikifungwa dinamo nne, na fundi anayepokea fedha kwa kazi hiyo anamwibia mteja wake.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii. Dinamo ya baiskeli, ile inayosuguana na ubavu wa tairi, ambayo waliokulia kwenye Phoenix na Avon wanaijua kwa mvumo wake, imetengenezwa itoe volti 6 na wati 3. Inatosha taa. Betri ya kawaida ya kuanzia ni ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Ukigawa 360 kwa 3 unapata saa 120: siku tano, usiku na mchana, bila kushuka kwenye tandiko, tena bila hata chembe ya umeme kupotea njiani. Isitoshe, betri hiyo huhitaji volti 42 ili ijae. Volti 6 hazina pa kuingilia mpaka zipandishwe na kifaa kingine, ambacho nacho hula chake.

Hapo ndipo mbishi husema: basi ifungwe kubwa zaidi, oltaneta ya gari. Ushauri huu umesambaa sana kwenye video, na ndio unaomaliza fedha za watu. Kadiri mtambo unavyotoa umeme mwingi ndivyo unavyokuwa mgumu kuzungusha. Ugumu huo ndio malipo ya umeme wenyewe, na anayelipa ni miguu au mota. Katika kila wati 100 zinazotoka kwenye betri, mota hugeuza kama 80 kuwa mwendo, zilizobaki zinaishia kuwa joto. Oltaneta ikipewa hizo 80, hurudisha chini ya 50. Zimeondoka 100, zimerudi 50 kasoro, na baiskeli bado haijasogea hata hatua moja. Ni sawa na mtu kujikopesha fedha zake mwenyewe kupitia dalali anayekata nusu. Zaidi ya hapo, oltaneta hupenda kuzungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, wakati gurudumu la inchi 20 kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa huzunguka kama mara 275 tu. Wanaoifunga hulazimika kuongeza puli na mikanda, na kila mkanda hula sehemu yake.

Video hizo nazo zitazamwe vizuri. Gurudumu limeinuliwa juu ya stendi, halina mtu, halina upepo wala kilima, linazunguka dakika mbili huku taa ikiwaka. Gurudumu lisilobeba kitu hula wati chache mno. Betri iliyojaa italizungusha kwa saa nyingi, oltaneta iwepo isiwepo. Kinachokosekana ni mtu wa kilo 75 anayetoka Ubungo mpaka Kibaha na kurudi, huku kipimo cha volti kikionyeshwa mwanzo na mwisho. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilichoshwa na mashine za aina hii zamani: mwaka 1775 ilitangaza kwamba haitapokea tena mashine yoyote ya mwendo usiokoma kwa ukaguzi. Miaka 250 imepita na uvumbuzi uleule unauzwa tena.

Kuna jambo moja la kweli ambalo wauzaji hulikumbatia, nalo ni breki inayorudisha umeme. Ipo. Mota kubwa za kitovuni zisizo na gia ndani yake huweza kugeuka jenereta mtu anapofunga breki, ikiwa kontrola yake inaruhusu. Lakini mota ndogo nyepesi, ambazo ndizo zinazofaa zaidi baiskeli ya kukunja, zina gia ndani na friwili inayoacha gurudumu liteleze bure. Hizo hazirudishi kitu. Na hata kwa zile zinazorudisha, kinachopatikana ni kidogo. Baiskeli na mpandaji wenye kilo 100 pamoja, wakienda kilomita 25 kwa saa, wamebeba nishati ya mwendo isiyofika wati-saa 0.7. Ikirudi nusu yake, ni umeme wa kusafiri mita 30 au 40 hivi. Mteremko mrefu ndio wenye nafuu: kushuka mita 100 za kimo huachia wati-saa 27, na nusu yake inatosha zaidi ya kilomita moja. Anayeishi Lushoto ana sababu ya kulifikiria. Wa Kariakoo hana.

Upotevu wa fedha ungevumilika kama ungekuwa ndio madhara pekee. Dinamo isiyodhibitiwa hupandisha volti kadiri mwendo unavyoongezeka, na betri ya lithiamu haisamehe. Kila seli ina kikomo cha volti 4.2, ikisukumwa kupita hapo inaanza kuharibika ndani, inapata joto, na inaweza kulipuka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. New York mwaka 2023, moto uliotokana na betri za lithiamu uliua watu 18, na mwaka huohuo jiji likapiga marufuku uuzaji wa baiskeli za umeme zisizopimwa usalama. Kumfungia mteja waya wa dinamo moja kwa moja kwenye betri, akalaze baiskeli hiyo chumbani pamoja na watoto, ni hatari ambayo hakuna fundi mwenye haki ya kumwachia.

Fedha iliyokuwa iende kwenye dinamo iongeze ukubwa wa betri. Wati-saa 360, kwa mtu anayekanyaga pia, humfikisha kilomita 35 hadi 45 kwenye barabara tambarare, na kuijaza ukutani ni chini ya nusu ya uniti ya umeme. Anayetaka umeme wa bure auchukue kwenye jua: paneli ya wati 100 iliyolala juu ya bati, yenye kidhibiti chaji cha lithiamu cha volti zinazofaa, hujaza betri hiyo kwa siku moja ya jua zuri. Juu ya bati, si juu ya baiskeli.

Mengine ya ufungaji, kwa haraka. Mota ya wati 250 inatosha gurudumu dogo, kwa kuwa gurudumu dogo husukuma kwa nguvu zaidi kwa mota ileile. Lakini ichaguliwe iliyosukwa kwa inchi 20, maana ya inchi 28 yenye kikomo cha kilomita 25 itaishia 18 hivi. Foki ipimwe kabla ya kununua: nyingi za mbele ni milimita 100 kati ya ncha na ncha, lakini Brompton ya Uingereza ni 74, na mota ya kawaida haiingii. Foki ya chuma ni salama zaidi kuliko ya alumini. Kwa vyovyote mhimili uwekewe mkono wa chuma wa kuuzuia usijizungushe. Betri isining'inizwe kwenye nguzo ndefu ya usukani. Brompton wenyewe, walipotoa baiskeli yao ya umeme, waliweka begi la betri kwenye kishikio kilichofungwa mbele ya fremu, kisichogeuka na usukani. Nyuma ya bomba la tandiko panafaa pia, ikiwa tairi halitaigusa. Nyaya zinazopita kwenye bawaba ziachwe na ulegevu wa kutosha kukunja na kukunjua, zisibanwe wala kuvutwa. Bawaba yenyewe ikaguliwe nyufa kwa tochi baada ya kusuguliwa kutu. Yenye ufa hata mdogo haiwekewi mota. Breki za zamani zibadilishwe. Betri inunuliwe ikiwa na saketi yake ya ulinzi na chaja yake ya volti 42, isiundwe kwa seli zilizochomolewa kwenye kompyuta mbovu. Nati za mhimili zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, kwa sababu chuma cha foki hubonyea kidogo kinapobanwa, na mhimili ukilegea ukaanza kuzunguka, cha kwanza kukatika ni waya wa mota.