Mzinga Hauokoi Malisho ya Chaki

"Tuweke mizinga mingapi?" Swali hili limenifikia tena, safari hii kutoka kwa msomaji anayeishi kusini mwa Uingereza, ambaye kamati ya kijiji chake imekabidhiwa kipande cha malisho ya kale kwenye vilima vya chaki vya South Downs. Wameambiwa wachavushaji wanapungua, wamechanga fedha, sasa wanataka idadi. Idadi ni sifuri. Nimeshalijibu hivyo mara nyingi kwa kifupi, na kwa kuwa swali halikomi, leo nalijibu kwa kirefu.

Najua linatoka wapi. Kwetu mzinga ni chombo cha hifadhi kweli. Katika miombo ya Tabora na Katavi, asali humpa mwanakijiji sababu ya kutokata mti. Pembezoni mwa Tsavo, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ili tembo wasivamie. Lakini tazama vizuri: si Tabora wala Tsavo ambako mizinga ilitundikwa ili maua ya porini yachavushwe. Tabora mzinga hulinda msitu kwa kumlisha mtu. Tsavo hulinda shamba kwa kumtisha mnyama. Tena nyuki wale ni wenyeji wa Afrika, wamo porini tangu zamani. Ukichukua wazo hilo ukalitua juu ya mwamba wa chaki wa Uingereza, unachokuwa umepeleka ni mifugo. Nyuki wa asali kule kwa sehemu kubwa ni mfugo wa mtu, na mfugo anakula.

Anakula kiasi gani? Kundi moja lenye nguvu wakati wa kiangazi lina nyuki 40,000 na zaidi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani, James Cane na Vincent Tepedino, walipiga hesabu ya chavua inayobebwa na kundi la namna hiyo kwa miezi mitatu ya kiangazi. Walikuta ingetosha kulea watoto 100,000 wa nyuki wapweke. Hao wapweke ndio nyuki hasa wa malisho haya: jike mmoja, kijishimo chake ardhini, hana malkia wala vibarua, na hana asali ya kuvunwa. Uingereza ina spishi zaidi ya 250 za nyuki. Nyuki wa asali ni spishi moja tu kati ya hizo. Wengi wa waliobaki ni wapweke, na hao ndio mnaowanyang'anya chakula kwa jina la kuwaokoa.

Hata nyuki wakubwa wenye manyoya, wa jenasi ya Bombus, wanaumia. Dave Goulson na Kate Sparrow walipima vibarua wa spishi nne huko Scotland, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba penye nyuki wa asali vibarua hao ni wadogo wa mwili kuliko pasipo na nyuki wa asali. Kibarua mdogo huleta chakula kidogo, na kiota chenye chakula kidogo hutoa malkia wachache. Zaidi ya hapo kuna magonjwa: kirusi kinacholemaza mabawa ya nyuki wa asali kimegunduliwa pia kwa Bombus, na maua wanayotembelea wote ni mahali pa kuambukizana. Bustani ya Kew, katika ripoti yake ya mwaka 2020 kuhusu hali ya mimea na kuvu duniani, ilionya kwamba mizinga ya London imekuwa mingi kiasi cha kuhatarisha nyuki wa porini. Kama jiji lenye bustani kila mtaa limefikia hapo, kipande chenu cha hekta chache kitakuwaje?

Hapo watu huniambia: lakini si nyuki wa asali naye anachavusha? Ndiyo, anachavusha baadhi ya maua. Ila thamani ya malisho ya chaki imo katika ndoa za mimea na wadudu ambazo nyuki wa asali hana nafasi ndani yake. Klova nyekundu huficha mbochi yake kwenye mrija wenye kina cha milimita 9 hivi. Ulimi wa nyuki wa asali ni kama milimita 6, ilhali Bombus hortorum ana ulimi unaozidi milimita 12. Nyuki mpweke Melitta dimidiata huchukua chavua ya mmea mmoja tu, Onobrychis wa jamii ya kunde, na katika Uingereza nzima anapatikana Salisbury Plain peke yake. Mizinga ikifyonza maua hayo, yeye hana pengine pa kwenda.

Okidi ndio wanaonishangaza hadi leo. Ophrys insectifera hujifanya nyigu jike, kwa umbo na kwa harufu, na nyigu dume wa jenasi ya Argogorytes huja kutaka kulipanda ua akaondoka na chavua. Anacamptis pyramidalis hana mbochi hata tone, lakini huwavuta vipepeo na nondo wanaoingiza mrija wao mrefu na kuutoa ukiwa umebandikwa vifurushi viwili vya chavua. Charles Darwin, aliyeishi kijiji cha Downe kwenye vilima vya chaki vya Kent, aliueleza ufundi huo katika kitabu chake cha okidi cha mwaka 1862. Ukileta mizinga mia, okidi huyu hatapata mbegu hata moja zaidi.

Kwa hiyo kilichopungua ni nini? Ni malisho yenyewe. Udongo wa chaki ni mwembamba na hauna rutuba, na ukata huo ndio siri ya utajiri wake: hakuna mmea unaopata nguvu ya kuwafunika wenzake, hivyo mita moja ya mraba huweza kubeba hadi spishi 40. Kondoo walilisha vilima hivi kwa karne nyingi na kuziweka nyasi fupi. Kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia likaja jembe, ikaja na mbolea. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba asilimia 80 ya malisho hayo imetoweka tangu wakati huo. Mwaka 1953 ugonjwa wa miksomatosisi uliingia Uingereza ukafagia sungura waliokuwa wakisaidia kuguguna nyasi, na vilima vingi vikageuka vichaka. Salisbury Plain ilisalimika kwa kuwa jeshi lilianza kununua ardhi hiyo mwaka 1897, wakulima wakashindwa kuilima yote.

Anayebisha kuhusu mbolea aende kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Harpenden, kwenye jaribio la malisho lililoanza mwaka 1856 na halijasimama hadi leo. Vipande visivyotiwa chochote bado vina makumi ya spishi. Vilivyomiminiwa naitrojeni kwa wingi vimebaki na nyasi za aina mbili tatu. Na fikirieni kipepeo wa buluu Polyommatus bellargus: kiwavi wake hula Hippocrepis comosa peke yake, tena penye nyasi fupi na joto. Mmea ukifunikwa, kipepeo amekwisha, hata kama maua mengine yamejaa bonde zima.

Sasa ya kufanya, na ni mengi. Rudisheni kondoo au ng'ombe wachache, hasa vuli na baridi, mkiwahamisha kipande kwa kipande ili maua yasiliwe yote kwa pamoja. Msipopata mifugo, fyekeni mwishoni mwa kiangazi mbegu zikishakomaa, na majani yaliyokatwa yaondoeni. Yakioza pale yanakuwa mbolea. Punguzeni vichaka wakati wa baridi, mbakize vichache vya kuwafaa Bombus kwa viota. Mbolea na samadi ya kumwaga, marufuku. Pandeni Rhinanthus minor wakati wa vuli. Hunyonya mizizi ya nyasi zenye nguvu na kuwapa wengine nafasi. Mbegu zitoke malisho ya jirani, kwa majani mabichi yaliyokatwa na kutandazwa siku hiyohiyo. Vipakiti vya mbegu za dukani vyenye mipopi ya shambani havifai: mipopi hutaka udongo uliolimwa. Acheni kingo tupu zinazoelekea kusini, maana nyuki wapweke huchimba humo. Unganisheni vipande kwa kingo za barabara. Mizinga iliyopo ihamishwe mbali kweli, kwa sababu nyuki wa asali huruka kilomita mbili tatu bila taabu, na kuiweka nje ya uzio ni sawa na kuiweka ndani.

Anayependa asali na afuge nyuki, ni kazi ya heshima, lakini afugie penye mashamba ya maua mengi. Kwa fedha mlizochanga, kodini kondoo wa jirani, na mlipeni mtu afyeke vichaka kabla ya Machi, ndege hawajaanza kutaga.